Haki ya Kusema katika Mkutano Mkuu wa Kijiji: Kukosoa Mtindo wa Mikutano ya Kuarifiwa

Tunapozungumza juu ya demokrasia, mara nyingi mawazo yetu hukimbilia Bunge, uchaguzi mkuu na Katiba. Ni nadra sana tukaanzia chini ya mwembe, au katika darasa la shule ya msingi, mahali ambapo wakulima na wafugaji hukusanyika kujadili mambo ya kijiji chao. Lakini kwa wananchi wengi wa nchi yetu, Serikali wanayoijua kwa sura ni mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kijiji. Mwananchi asipoweza kusema mbele ya hao wawili, haki yake ya kusema mbele ya waziri au mbunge ni haki ya karatasi tu.

Katika makala haya tunakusudia kuukosoa mtindo mmoja ambao umeota mizizi katika vijiji vyetu, yaani mtindo wa kuugeuza mkutano mkuu wa kijiji kuwa mkutano wa kuarifiwa. Tunaukosoa kwa sababu unapingana na sheria za nchi, unapingana na misingi ambayo Chama kilijengwa juu yake, na unawagharimu wananchi mali yao. Na kwa kuwa kukosoa bila kujikosoa ni unafiki, tutasema pia makosa yaliyo upande wetu wenyewe.

Sheria inasema nini?

Tuanze na sheria, maana wapo viongozi wanaozungumza kana kwamba haki ya kusema kijijini ni hisani yao. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaeleza kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18. Haiulizi kama amesoma au hakusoma, kama ni mwanamke au mwanamume, kama ana kadi ya chama fulani au hana kadi yoyote. Sheria hiyo inaufanya mkutano mkuu kuwa mamlaka ya juu kabisa ya kijiji katika mambo yote ya sera. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, huchaguliwa na mkutano huo na hutenda kazi chini yake.

Katika jambo la ardhi sheria imekwenda mbele zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila kwanza kupata idhini ya mkutano mkuu. Aidha, inaitaka halmashauri kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano mkuu wa kawaida, na kuyazingatia maoni ya wananchi. Inapotakiwa ardhi ya kijiji isiyofika hekta 250 ihamishwe kwa matumizi mengine, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa.

Juu ya sheria hizo ipo Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 18 inatambua uhuru wa maoni. Ibara ya 21 inatambua haki ya raia kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na Taifa lake. Ibara za 145 na 146 zinaziweka serikali za mitaa kwa shabaha ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Hivyo basi, mkulima anayesimama kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi anatekeleza Katiba, na kiongozi anayemkalisha chini kwa ukali anaivunja.

Mtindo wenyewe

Tuchukue mkutano wa aina ambayo wasomaji wetu wengi wameuona kwa macho yao. Mbiu imepigwa jana jioni. Watu wameambiwa waje saa mbili asubuhi. Viongozi wanafika saa tano, kwa kuwa walikuwa wakimsubiri mgeni kutoka wilayani. Meza ina kitambaa na viti vya mgeni, na wananchi wameketi chini. Mwenyekiti anafungua kwa salamu ndefu. Mgeni anazungumza kwa saa nzima. Mtendaji anasoma maagizo: michango ya darasa, siku ya kufanya usafi, adhabu kwa wasiotekeleza. Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa kwa haraka, jumla kwa jumla, bila kutaja kilichonunuliwa, kwa bei gani, kwa nani. Halafu, jua likiwa limekwisha kuwa kali na kina mama wakifikiria chakula cha watoto, kinafikiwa kifungu cha mwisho cha ajenda kiitwacho "Mengineyo". Hapo ndipo mwananchi anaruhusiwa kusema. Wanapewa nafasi watatu. Wa kwanza anashukuru. Wa pili anashukuru. Wa tatu anauliza swali, naye anaambiwa kwamba swali lake limepokelewa na litafanyiwa kazi.

Karatasi ya mahudhurio inapitishwa, watu wanatia sahihi au dole gumba. Wiki chache baadaye karatasi hiyohiyo inaweza kuonekana imeambatanishwa na muhtasari unaosema kwamba wananchi wote, kwa kauli moja, waliridhia jambo ambalo halikupigiwa kura, na pengine halikutajwa. Tuseme wazi: kuhudhuria si kuridhia. Mtu akitia sahihi kwamba alikuwapo, ametia sahihi kwamba alikuwapo, basi.

Na yule aliyeuliza swali? Kuanzia siku ile anaitwa mchochezi, mkorofi, mtu wa majungu, na jina jipya la siku hizi ni mpinzani. Jina lake linaweza kuruka katika orodha ya wanaopata mbegu au mbolea ya ruzuku. Penye ukali zaidi, hutolewa amri ya kumweka ndani. Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya mwaka 1997 inawapa Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Lakini sheria hiyohiyo imeuzungushia uwezo huo masharti: pawe na kosa au hatari ya kuvunjika kwa amani, mtu afikishwe mbele ya mahakama, na anayetumia vibaya uwezo huo anaweza kushtakiwa. Viongozi wa juu wa Serikali wamewahi kuikemea hadharani tabia ya kuutumia uwezo huo kama fimbo. Kuuliza matumizi ya fedha za umma si kosa la jinai katika sheria yoyote ya nchi hii.

Asili ya mtindo huu

Mwanamapinduzi hatosheki na kulaani jambo. Anatafuta chimbuko lake. Mtindo huu una mizizi mitatu.

Mzizi wa kwanza ni ukoloni. Wajerumani walitawala kwa maakida na majumbe. Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1926, wakaweka utawala wa wenyeji chini ya machifu. Katika tawala zote mbili baraza lilikuwa mahali pa kutangaziwa kodi, kazi na amri. Mtawala husema, mtawaliwa husikia. Ilipotokea watu wakasema, waliitwa wajinga wasiojua faida yao wenyewe. Mwaka 1955 wananchi wa Uluguru waliyakataa matuta waliyolazimishwa kuyachimba milimani, na Serikali ya kikoloni iliwajibu kwa polisi. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilipata nguvu katika sehemu nyingi za nchi kwa sababu kilisimama upande wa wale walioambiwa wanyamaze. Ni aibu basi mrithi wa chama hicho akionekana ameketi katika kiti cha akida.

Mzizi wa pili ni makosa yetu wenyewe baada ya Uhuru. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe, akieleza ubaya wa kuchukia wanaotukosoa na wa kuuficha ukweli kwa sababu ya cheo au urafiki. Mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, alifundisha kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika maamuzi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukakataza majivuno na uonevu wa viongozi, ukawataka wananchi washirikishwe katika kupanga maendeleo yao. Hiyo ndiyo nadharia. Lakini vitendo vilikwenda njia nyingine. Mwaka 1969 Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichounganisha vijiji kama Litowa ambavyo wanavijiji wake walikuwa wakiamua mambo katika mikutano yao, kilivunjwa kwa uamuzi wa Kamati Kuu. Mwaka 1972 mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa yaliondolewa kwa jina la Madaraka Mikoani, na madaraka kwa kweli yakawaangukia wataalamu na wakurugenzi. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengi wao kwa nguvu. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuziondoa serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Kama mwasisi aliweza kukiri, sisi ni nani tushindwe?

Mzizi wa tatu haujadiliwi vya kutosha, nao ni kuchanganya Chama na kijiji. Chini ya Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, mwenyekiti na katibu wa tawi la TANU ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji. Katika hali ile, aliyemkosoa mwenyekiti wa kijiji alionekana kukikosoa Chama, na aliyekikosoa Chama alionekana kuikosoa nchi. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, vyeo vile vilitenganishwa kisheria. Vichwani havikutenganishwa. Bado wapo viongozi wanaodai kwamba jambo likiisha kuamuliwa katika vikao vya Chama, mkutano mkuu wa kijiji kazi yake ni kupiga makofi. Huko ni kupotosha nadharia. Nidhamu ya kutii uamuzi baada ya majadiliano ni nidhamu ya wanachama ndani ya vikao vyao. Mkutano mkuu wa kijiji si kikao cha Chama. Ni wa wakazi wote, na mle ndani mwanachama na asiye mwanachama wana sauti sawa.

Hoja za wanaoutetea mtindo huu

Wanaoutetea mtindo wa kuarifiwa wana hoja zao, na haifai kuzipuuza.

Hoja ya kwanza husema: wananchi hawana elimu ya kutosha kujadili bajeti na miradi. Tunajibu kwamba mkulima anayejua msimu huu auze magunia mangapi, abakize mangapi na akope kiasi gani, anaijua bajeti. Asichokijua ni hesabu aliyofichwa. Wakati wa Operesheni Vijiji, wazee katika sehemu nyingi walijua ni wapi hapana maji na ni udongo gani usioota mahindi. Hawakuulizwa. Waliochora ramani walikuwa na elimu, lakini yapo makazi yaliyowekwa mbali na mashamba na mbali na visima. Ukame wa miaka ile ulichangia njaa ya 1974 na 1975, ndiyo. Lakini kuhamisha watu bila kuwasikiliza kuliongeza mzigo.

Hoja ya pili husema: majadiliano marefu yanachelewesha maendeleo. Hapa inafaa tukumbuke kwamba wazee wetu walizungumza chini ya mti mpaka wakakubaliana, na walichokubaliana kilitekelezwa bila mgambo. Mradi unaoamuliwa kwa dakika kumi na kutekelezwa kwa kufukuzana na kukamatana mbuzi na kuku za watu hauna haraka yoyote. Majengo yaliyoishia kwenye linta katika vijiji vyetu ni ushahidi tosha.

Hoja ya tatu husema: maswali huvunja umoja. Hoja hii ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu imevaa vazi la siasa yetu. Umoja wa watu wanaoogopana ni utulivu wa juujuu. Palipo na ukimya mkutanoni pana maneno mengi vilabuni, visimani na njiani, na maneno hayo hayana mwenyekiti wala muhtasari wala jibu. Majungu hayazaliwi na uhuru wa kusema. Yanazaliwa na kukosekana kwake.

Hoja ya nne husema: tumechaguliwa kwa kura nyingi, hivyo tunajua wananchi wanataka nini. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, wagombea wa CCM walitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Mwaka 2019, vyama vikubwa vya upinzani vilipojitoa, sehemu ilikuwa zaidi ya asilimia 99. Wapinzani wameulalamikia uchaguzi wa mara zote mbili, hasa kuenguliwa kwa wagombea wao. Haitoshi kwa jarida la nadharia kushangilia takwimu hizi. Lazima liulize maana yake. Na maana yake kwa mjadala wetu ni hii: pale ambapo karibu viongozi wote wa kijiji wametoka chama kimoja, mkutano mkuu ndio mahali pekee palipobaki pa kuwauliza. Kadiri wingi wa viti unavyokuwa mkubwa, ndivyo haja ya kumlinda muulizaji inavyokuwa kubwa. Chama kikiifunga sauti hiyo nacho, kitakuwa kimejiziba masikio kwa mikono yake.

Gharama ya ukimya

Inafaa kueleza ni nani anayefaidika na ukimya. Kwanza ni yule mtendaji mwenye umangimeza, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya na hakuchaguliwa na kijiji. Cheo chake hakitegemei kura ya mkulima, hivyo swali la hadharani ni moja ya hatamu chache alizo nazo mkulima juu yake. Pili ni yule mwenyekiti anayeandika hati za kuuza ardhi nyumbani kwake usiku. Tatu ni yule tajiri anayekuja na gari na ahadi ya kisima, akaondoka na mamia ya hekta. Wote watatu wanahitaji kitu kimoja: mkutano usiouliza.

Wanaopoteza ni wale wale siku zote. Mjane ambaye shamba lake liko katika eneo "lililoridhiwa". Mfugaji ambaye njia ya mifugo yake imefungwa. Kijana anayekuta ardhi ya kijiji imekwisha gawanywa kabla hajaoa. Wanawake hasa wana haki ya kulalamika. Sheria inataka wanawake wasipungue robo ya halmashauri ya kijiji, na watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji. Lakini mwanamke akisimama mkutanoni mara nyingi huulizwa kwanza mume wake yuko wapi. Kiti bila sauti ni pambo.

Kujikosoa kwa wananchi

Sasa upande wetu. Wapo miongoni mwetu wanaokaa kimya mkutanoni, halafu jioni wanakuwa mafundi wa kukosoa. Wapo wanaohudhuria pale tu waliposikia kuna posho. Wapo wanaosimama si kuuliza bali kutukana, wakamtaja mtu kwa ukoo wake au dini yake, na hivyo kumpa kiongozi mbaya sababu nzuri ya kufunga mkutano. Wapo pia waliokwisha kununuliwa kwa pombe ili wapige kelele mwenzao anapouliza. Haki ya kusema ina wajibu wake: kusema kweli, kusema kwa ushahidi, kusema hadharani, na kusikiliza jibu. Na pakiwa na uamuzi uliopigiwa kura kwa haki, aliyeshindwa atoe nguvu zake kama aliyeshinda.

Nini kifanyike?

Hatupendekezi sheria mpya. Sheria zipo, kinachotakiwa ni kuzitenda.

Kwanza, mkutano mkuu wa kila miezi mitatu ufanyike kila miezi mitatu, mgeni awepo au asiwepo. Ajenda ibandikwe na kutangazwa mapema vya kutosha kwa watu kuifikiria.

Pili, taarifa ya mapato na matumizi iwe kifungu cha kwanza baada ya kusoma muhtasari uliopita, isomwe kifungu kwa kifungu, na ibandikwe ubaoni. Maswali ya wananchi yaje hapo, yasitupwe kwenye "Mengineyo".

Tatu, jambo lolote la ardhi lipigiwe kura inayohesabiwa, na idadi ya waliokubali na waliokataa iandikwe. Muhtasari usomwe mbele ya mkutano kabla watu hawajaondoka. Orodha ya mahudhurio isitumike kamwe kama ushahidi wa kuridhia.

Nne, mwenyekiti anapojadiliwa yeye mwenyewe, akabidhi kiti kwa mwingine aliyechaguliwa na mkutano kwa shughuli hiyo.

Tano, kiongozi wa wilaya anapofika kijijini, azungumze mwisho. Akianza yeye, wengine wote watakuwa wakimjibu yeye badala ya kujadiliana wao kwa wao.

Sita, na hili ni letu sisi wana-Chama: katibu wa tawi ahesabu kuwa ni kazi yake ya kisiasa kumlinda mwananchi anayeuliza, hata kama swali linamgusa mwanachama mwenzake, na hasa kama linamgusa. Mwanachama anayemtisha muulizaji ajadiliwe kwenye tawi lake.

Ndugu wasomaji, nchi yetu ina vijiji zaidi ya 12,000. Kila robo ya mwaka kila kimoja kinapaswa kuwakusanya watu wake na kuwapa nafasi ya kuamua mambo yao. Hakuna chuo cha siasa chenye madarasa mengi kiasi hicho. Mkutano mkuu ujao wa kijiji chako hauko mbali. Nenda, uliza, na kama wewe ndiwe uliyeketi mezani, jibu.